Ng'ombe wa Tana hupimwa kwa mizani ya nani?

Siku chache kabla ya Mfungo Tatu kuandama nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nimefikia kwa mjomba wangu Parklands. Binamu yangu, ambaye ofisi yake iko Westlands, akaniambia kuna mkutano katika hoteli moja karibu na kazini kwake, mkutano wa mifugo na mabadiliko ya tabianchi, na kwamba mtu yeyote aweza kuingia mradi aandike jina lake mlangoni. Sitaficha, mimi nilifuata chakula cha mchana.

Mzungumzaji wa asubuhi alikuwa kijana mwenye tarakilishi na picha ukutani. Akasema ng'ombe mmoja wa Afrika hutoa kilo 31 za gesi ya methani kwa mwaka, akazidisha na idadi ya ng'ombe wa Kenya, akapata jumla ya kutisha. Ndipo mzee mmoja wa Kiorma, kutoka upande wa Garsen, kofia kichwani na fimbo mkononi, alipoomba kusema. Akatoa salamu, akauliza: "Huyo ng'ombe wa kilo thelathini na moja ni wa nani? Mimi nina ng'ombe, baba yangu alikuwa nao, na sijaona mtu akija kuwapima."

Watu wakacheka. Kijana akajibu kwamba hiyo ni namba ya kimataifa, akabonyeza akaenda kwenye picha nyingine. Mimi sikucheka. Nina stashahada ya uhasibu, na jambo la kwanza tulilofunzwa ni kwamba namba ikiingia kitabuni lazima iwe na stakabadhi yake. Mzee alikuwa akidai stakabadhi. Nimekaa miezi kadhaa nikiitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na kinachopimwa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia ni wanyama wa kucheua. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na kile kikubwa kuliko vyote ni kama pipa la kuchachusha. Humo mna vijidudu vingi mno vinavyovunja nyasi na makapi ambayo mimi na wewe tukiyala hayatatufaa kitu. Katika kazi hiyo hutoka haidrojeni, na aina nyingine ya vijidudu huichukua na kuigeuza methani. Gesi ikijaa, ng'ombe hupiga mbweu. Watu wengi hudhani inatokea upande wa nyuma, na vichekesho vya mitandaoni vimejengwa juu ya hilo, lakini sehemu kubwa kabisa hutoka kinywani na puani, kimyakimya, mnyama amelala kivulini akitafuna mcheuo wake.

Methani ikiwa hewani hushika joto kuliko hewa ya ukaa ya kawaida. Ukipiga hesabu ya miaka 100, kilo moja ya methani ni sawa na kama kilo 28 za hewa ya ukaa. Ukipiga hesabu ya miaka 20, inapita 80. Tofauti hiyo yatokana na kwamba methani haikai sana angani, kama miaka 12 hivi huwa imekwisha vunjika, ilhali hewa ya ukaa ya magari na viwanda hubaki kwa karne nyingi. Kwa hivyo mtu akikupa jumla ya gesi za ng'ombe, muulize kwanza ametumia miaka mingapi. Jibu hugeuka mara tatu kwa swali hilo moja.

Kuna gesi ya pili, nayo ni nitrasi oksidi, itokayo katika kinyesi na mkojo. Hiyo ni kali zaidi, kilo moja yake ni sawa na kilo zaidi ya 260 za hewa ya ukaa. Nitairudia, maana nayo ina kisa chake.

Sasa namba 31. Mwaka 1988 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, mwendo mfupi wa gari kutoka pale hotelini tulipokuwa, liliungana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuunda jopo la wanasayansi linaloitwa IPCC. Jopo hilo limeandika miongozo ya kila nchi kuhesabu gesi zake. Katika miongozo ya mwaka 2006 kuna jedwali la ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini amepewa kilo 128 za methani kwa mwaka, wa Ulaya Magharibi 117, wa Afrika 46. Ng'ombe wa Afrika asiyekuwa wa maziwa ya biashara, yaani ng'ombe wa yule mzee, amepewa 31. Nchi isiyo na vipimo vyake yenyewe inaruhusiwa kuazima namba hizi. Wenyewe huiita Daraja la 1. Mimi naiita namba ya kuazima, na sisemi hivyo kwa dharau, maana asiye na ratili huazima kwa jirani.

Kama mhasibu nilitaka kujua namba hiyo inasema nini kwa lugha ya malishoni. Miongozo yenyewe inatoa njia. Kilo moja ya nyasi kavu ina nguvu ya megajuli 18.45. Inakadiriwa kwamba asilimia 6.5 ya nguvu anayokula ng'ombe hugeuka methani, na kilo moja ya methani hubeba megajuli 55.65. Chukua ng'ombe anayekula kilo 4 za chakula kikavu kwa siku. Hizo ni megajuli 73.8. Asilimia 6.5 yake ni kama 4.8. Gawanya kwa 55.65, zidisha kwa siku 365, unapata kilo 31 na nukta kidogo.

Kwa hivyo ng'ombe wa kilo 31 ni mnyama anayekula kilo 4 za nyasi kavu kila siku ya Mungu, Januari hadi Disemba, mvua na kiangazi. Akila kilo 3, namba inashuka hadi 24 hivi. Akila 6, inapanda hadi 47. Nikamkumbuka mzee wa Garsen. Baada ya masika, maji ya mto Tana yakishuka na nyasi za bondeni zikachipua, ng'ombe wake hula wakashiba. Ifikapo Februari wanatafuta majani makavu kwa kilomita nyingi. Katika ukame ulioanza mwaka 2020 na kuendelea hadi mapema 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Mnyama aliyekufa Oktoba hawezi kutoa gesi ya Novemba.

Utasema, haya yanatuhusu nini sisi watu wa Pwani, tunaokula samaki na kununua nyama kilo moja siku ya Ijumaa? Yanatuhusu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ahadi za nchi. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kwamba kufikia 2030 itapunguza gesi zake kwa asilimia 32 chini ya pale ambapo zingefika kama hatua hazingechukuliwa. Kilimo ni karibu asilimia 40 ya gesi zote za Kenya, na sehemu kubwa ya hiyo ni mifugo. Basi ahadi hiyo haiwezi kutimia bila kuwagusa ng'ombe. Sasa angalia mtego ulioko ndani ya namba ya kuazima. Ikiwa hesabu yako ni idadi ya vichwa mara 31, kuna njia moja tu ya kuipunguza, nayo ni kupunguza vichwa. Mfugaji akiboresha malisho, akichanja, akikinga kupe, akachagua dume zuri, kitabu hakioni. Ataonekana ni yule yule, kilo 31. Afisa akikaa mezani na kitabu cha namna hiyo, ushauri wake ushaandikwa kabla hajatoka ofisini: uzeni ng'ombe.

Ya pili ni pesa. Hapa Pwani tunajua kupima kunavyozaa pesa. Gazi na Makongeni, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu mwaka 2013. Msitu wa hekta 117 unapimwa, mti kwa mti katika vipande vilivyochaguliwa, na fedha hurudi kijijini zikajenga maji na shule. Isingekuwa watafiti na wanakijiji kuingia topeni na futi zao kupima unene wa mikoko, pasingekuwa na shilingi. Kwa sheria ya tabianchi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, mradi wa kaboni ulio juu ya ardhi ya jamii unatakiwa uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Sheria nzuri. Lakini asilimia 40 ya kitu kisichopimika ni hewa tupu, na mikoko haitembei. Ng'ombe hutembea, na gesi yake huonekani ikitoka. Atapimwaje?

Jibu liko huko huko Nairobi. Kutoka Westlands unashika barabara ya Waiyaki, unapita Kangemi yenye vibanda vya maziwa ya ATM na mbuzi barabarani, na baada ya hapo, karibu na Uthiru, kuna eneo kubwa la kijani lenye ukuta. Hiyo ni Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Ilianzia Nairobi mwaka 1973 kama maabara ya maradhi ya wanyama, ikaungana na kituo ndugu cha Addis Ababa mwaka 1994. Ndani yake kuna kituo kinachoitwa Mazingira, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na kazi yake kubwa ni kupima gesi za kilimo na mifugo ya Afrika.

Njia wanayoiamini zaidi ni chumba cha pumzi. Ng'ombe huingizwa katika chumba kilichofungwa vizuri, chenye chakula na maji. Hewa inavutwa kwa kasi inayojulikana. Mashine hupima methani katika hewa inayoingia na methani katika hewa inayotoka, na tofauti ni ya ng'ombe. Hukaa humo mchana na usiku. Kabla ya hapo anazoezwa kwa muda, azoee chumba na watu, kwani ng'ombe mwenye hofu hali, na asiyekula hatoi namba ya kweli. Kila anachokula kinapimwa, na kinachobaki kinapimwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo stakabadhi yenye muhuri.

Aibu ya njia hiyo ni kwamba ng'ombe wa chumbani si ng'ombe wa malishoni. Hatembei kilomita kumi kufuata maji. Kwa anayelisha nje kuna njia nyingine iliyotungwa Marekani miaka ya 1990. Kidonge kinachovujisha polepole gesi ya alama, salfa heksafloridi, huwekwa tumboni mwa ng'ombe, na chupa iliyotolewa hewa hufungwa shingoni au mgongoni ikivuta pumzi yake kidogo kidogo kwa siku nzima. Kiasi cha gesi ya alama kinajulikana, basi kwa kulinganisha unajua methani ni kiasi gani. Kuna pia mashine ya kumwekea mnyama punje za chakula: akiingiza kichwa kula, inapima anachopumua. Zote ni ghali, na hakuna nchi inayoweza kufunga chupa ng'ombe wake wote. Kenya ina karibu milioni 16, kwa sensa ya 2019.

Ndiyo maana kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya mizani na futi. Watafiti wa ILRI walikwenda Nyando, magharibi mwa Kenya, na baadaye kaunti ya Nandi, wakaingia maboma ya wafugaji wadogo. Walipima uzito wa kila mnyama, na wakarudi msimu baada ya msimu kumpima tena. Walipima maziwa, wakachukua sampuli za nyasi na mabua anayokula, wakakadiria mwendo anaotembea. Kutokana na hayo unapata nguvu aliyoihitaji mnyama huyo, kwa hivyo chakula alichokula, kwa hivyo methani. Hiyo ndiyo Daraja la 2. Matokeo ya Nyando yalichapishwa 2018, ya Nandi 2019. Kilichojitokeza ni kwamba hakuna "ng'ombe wa Afrika" mmoja. Ndama, mtamba, dume na jike anayenyonyesha kila mmoja ana namba yake, na namba hiyo hupanda na kushuka na msimu. Jambo hili mtoto wa mfugaji wa miaka kumi angelikuambia bure, lakini lilikuwa halijaandikwa kitabuni.

Katika vyumba vya pumzi wakafanya jaribio jingine, lililochapishwa 2020, na hili lilinigusa. Walichukua maksai wa Boran wakawapunguzia chakula, kama vile ukame unavyofanya. Ilitarajiwa kwamba kila kilo ya chakula itatoa methani ile ile. Walipofika kwenye njaa kali, kila kilo iliyoliwa ilitoa methani zaidi. Jumla inapungua kwa sababu mnyama anakula kidogo, lakini lile kadirio la asilimia 6.5 halishiki tena. Namba iliyotungwa kwa ng'ombe wanaoshiba inapotea njia ikifika kwa ng'ombe wenye njaa, na wenye njaa ndio wetu.

Nisije nikadhaniwa naleta tu yale yanayotupendeza. Vipimo hukata pande zote mbili. Kwenye kinyesi kilichoanguka malishoni, miongozo ya 2006 ilisema asilimia 2 ya naitrojeni iliyomo hugeuka nitrasi oksidi. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa 2016 ulionyesha kuwa kinyesi cha ng'ombe wetu, ambao nyasi zao ni duni kwa protini, hutoa kidogo sana kuliko hapo. Mwaka 2019 IPCC walipoirekebisha miongozo yao waliishusha namba hiyo hadi asilimia 0.4, na kwa maeneo makavu 0.2. Yaani mara kumi chini. Kwa miaka 13 mfugaji wa nchi kavu aliandikiwa deni mara kumi ya alilodaiwa, na hakuna aliyemwomba radhi.

Lakini watafiti hao hao wakaenda kwenye maboma, zile zizi za usiku ambazo mifugo hulala ikikingwa na simba na wezi. Humo mbolea hurundikana mwaka hadi mwaka. Matokeo yao ya 2020 yanasema maboma hayo ni chemchemi kubwa ya nitrasi oksidi iliyokuwa imesahauliwa kabisa, na kwamba huendelea kutoa gesi miaka mingi baada ya watu kuhama. Walikadiria kuwa maboma ya Afrika kusini mwa Sahara yaweza kuwa karibu asilimia 5 ya nitrasi oksidi yote inayotokana na shughuli za watu barani. Hili halitupendezi, na ni la kweli vilevile. Na dawa yake, uzuri ni kwamba haihitaji kuuza ng'ombe hata mmoja. Mbolea ile ikitolewa ikapelekwa shambani ina thamani. Mkulima wa mahindi wa bonde la Tana na mfugaji wamepigana miaka mingi juu ya maji na malisho, na rundo hilo lingekuwa moja ya vitu wanavyoweza kuuziana.

Ukipanda treni Mombasa kwenda Nairobi, mwisho mwisho wa safari unapita tambarare za Kapiti, kaunti ya Machakos. ILRI wana shamba la utafiti huko, ekari zipatazo 32,000, ng'ombe, kondoo na mbuzi wakilisha pamoja na pundamilia na nyumbu. Wamesimamisha minara yenye vyombo vinavyopima mara nyingi kwa sekunde upepo unavyopanda na kushuka na gesi iliyobebwa nao. Mnara haumpimi ng'ombe. Unapima ardhi nzima pamoja na ng'ombe wake: nyasi zinavuta kiasi gani, udongo unatoa kiasi gani. Hapo ndipo ubishi mkubwa ulipo. Mfugaji wa kuhamahama husema ng'ombe wake anarudisha kwenye ardhi anachokichukua. Huenda ni kweli mahali fulani na si kweli pengine, ikitegemea mvua na jinsi malisho yanavyotunzwa. Mnara hauna ubaguzi, utasema utakachokikuta.

Sasa niseme langu juu ya maziwa, maana hapa wenzangu wa kuwatetea wafugaji huniona msaliti. Mfano wangu mwenyewe, wa kuelewana tu: ng'ombe anayetoa lita 4 kwa siku, siku 300, anatoa lita 1,200 kwa mwaka. Mpe kilo 46 za kitabuni. Kila lita imebeba gramu 38 za methani. Mwingine analishwa vizuri, majani ya mabingobingo na mkunde, anatoa lita 12 kwa siku, yaani 3,600. Anakula zaidi, kwa hivyo mpe kilo 70. Kila lita imebeba gramu 19. Kwa kichwa ameongeza gesi, kwa lita ameipunguza nusu. Mama wa Kaloleni au Matuga mwenye ng'ombe wawili wa maziwa angefurahia mabadiliko hayo hata kama hajasikia neno tabianchi maishani mwake, kwa sababu methani ni chakula kilichopotea. Amekata majani, ameyabeba kichwani, na sehemu yake imepaa hewani bila kuwa maziwa wala nyama.

Serikali yenyewe imekwisha kuliona hili. Kwa ng'ombe wa maziwa Kenya imeshaanza kuhesabu kwa Daraja la 2, na hesabu hiyo ilirudi nyuma hadi miaka ya 1990. Waliobaki na namba duni ni ng'ombe wa asili, walio wengi, walio Tana River, Garissa, Isiolo, Kajiado. Kwa kawaida mwenye mali nyingi ndiye hupimwa vibaya kuliko wote pale ambapo hana ofisi Westlands.

Wapo wanaosema jambo lote hili ni njama, wazungu wamechafua dunia kwa makaa ya mawe sasa wanamgeukia ng'ombe wa Mwafrika. Uchungu wao naujua. Kenya yote ni sehemu ndogo mno ya gesi za dunia. Na hata namba za dunia zenyewe zimeyumba: Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilisema mwaka 2006 kuwa mifugo ni asilimia 18 ya gesi zote zitokanazo na watu, 2013 likasema 14.5, na 2023 likasema karibu 12. Lakini mtu anayeamini ameandikiwa deni la uongo hafungi duka akalala. Huleta daftari lake. Na daftari letu la Pwani ni jeupe. Vipimo vyote nilivyovitaja ni vya bara: Nyando, Nandi, Kapiti, Nairobi.

Haikuwa hivi siku zote. Miaka ya 1980, kwenye ranchi ya Galana, watafiti walilinganisha ng'ombe wa Kiorma na Boran wa kawaida katika nyika yenye mbung'o, wakaandika kwamba wa Kiorma anastahimili nagana zaidi. Waorma walikuwa wakilijua hilo tangu mababu zao. Lilipoandikwa ndipo wengine walipoanza kuwatafuta ng'ombe hao. Kaunti zetu sita zina maafisa wa mifugo, zina vyuo, na Mariakani kuna kituo cha utafiti wa mifugo cha serikali. Mizani ya kubebeka, futi, daftari na kijana wa diploma mwenye pikipiki ndiyo mahitaji ya mwanzo. Havizidi bei ya mkutano mmoja wa hotelini, chakula cha mchana kikiwemo.

Kabla sijarudi Mombasa niliingia duka la dawa za mifugo Kangemi nikanunua futi ya ng'ombe. Ni utepe kama wa fundi cherehani, upande mmoja sentimita na upande wa pili kilo. Unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unasoma uzito. Kisayansi ni kadirio tu, na kwa ng'ombe mwenye nundu hukosea kidogo, lakini Nyando walipima vifua pamoja na uzito. Nilimtumia mzee kwa basi la Lamu, ishushwe Garsen. Nilikuwa nimeichukua namba yake wakati wa chakula.

Alinipigia baada ya siku tatu. Alikuwa amepima ng'ombe kumi na wanane, mjukuu wake akiandika. Akaniambia, "Mwanangu, yule dume mwekundu nilitaka kumtoa kwa udhia wa watu saba, sasa nimeona uzito wake nimeghairi. Nitatoa mwingine." Kisha akaniuliza kama watu wa hoteli ile wana mahali pa kupeleka karatasi ya mjukuu wake. Nimeandika barua tatu. Namba kumi na nane za Garsen ziko kwenye droo yangu, zikingoja mtu wa kuzipokea.